Jedwali la Mifugo

Nimetumwa kuhesabu pumzi za mbuzi.
Ndivyo nilivyomwambia dereva, akacheka
mpaka gari likateleza barafuni,
lakini ndiyo kazi, ina barua na muhuri:
kila ng'ombe acheuapo, kila kondoo abeuapo,
kuna uzito unaoandikwa mbali, katika mkataba
tulioutia sahihi kwa kalamu ya kuazima.

Siku mbili tangu Ulaanbaatar. Nyuma yetu
mji umejigubika moshi kama mgonjwa shuka,
moshi wa majiko, na jiko la mama yangu limo.
(Naye nimhesabu? Nimemhesabu. Safu ya tatu,
"makaa ya majumbani". Hajui kwamba yumo.)

Kwa Dashnyam tulifika jua limesimama
bila joto, kama sarafu isiyonunua kitu.
Mkewe, Khorloo, akamimina chai ya maziwa na chumvi.
Nikatandaza jedwali juu ya goti.

"Mbuzi?"
"Desemba, mia nne na kumi na wawili."
"Na sasa?"
Akanyoosha kidevu nje, kaskazini mwa hema.
"Kahesabu mwenyewe. Hawakimbii."

Zudi, ndivyo tuiitavyo. Theluji inaanguka,
inayeyuka nusu siku, kisha inaganda,
na majani yako palepale, chini ya kioo.
Mnyama anayaona, anayalamba, hayang'oki.
Anakufa akitazama chakula.
Walikuwa wamepangwa kama kuni, miguu hewani,
manyoya bado laini, yale yaendayo
kuwa shali mabegani mwa watu nisiowajua.
Nikahesabu. Vidole vikakataa kwenye mia mbili.
Nikamalizia kwa kukadiria: mwongozo unaruhusu.

Ndani, kikokotoo kikafanya kazi yake.
Mbuzi hai, thelathini na saba.
Zidisha kwa kizio, zidisha kwa siku, gawa kwa elfu,
na tarakimu ikashuka, ikashuka,
kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.
Nikarudia. Nikaitazama wilaya nzima: ni hivyohivyo.
Ile ahadi yetu ya mwaka elfu mbili na thelathini
tumeitimiza.
Tumeipita.
Mahali fulani, ukumbini, penye maji ya chupa,
mtu atasoma jina la nchi yangu
na watu watapiga makofi.

Sikumwambia. Lakini mchungaji husoma nyuso
kama asomavyo mawingu.
"Tumefaulu?" akauliza.

Nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.

"Basi usituandike malaika," akasema.
"Mbuzi walikuwa wengi kuliko nyasi. Nilijua.
Bei ya manyoya ilipanda, nikaongeza mia,
jirani akaongeza mia, mlima ukabaki na upara.
Hilo langu, liandike. Na makaa ya mawe
yanayovuka mpaka kwa malori usiku kucha,
hayo yetu, yaandike. Deni langu
nalijua kwa jina, kama farasi wangu.
Ila baridi hii iliyogeuka tabia,
mvua ya Desemba juu ya theluji, hii
ni mtoto wa nani? Na huyo baba
ana jedwali? Naye hutembelewa
na binti mwenye kalamu?"

Khorloo akamwambia anyamaze, mgeni hajala.
Tukala. Nyama ilikuwepo nyingi mno.

Garini, kipasha joto kimekufa tangu jana,
nikafungua ukurasa wa mwisho.
Maelezo ya ziada: si lazima.
Yasizidi herufi arobaini.
Nikaandika: *Wamekufa. Si se*
na wino ukaganda hapo, kabla sijamaliza "sera".
Dereva akawasha injini, ikakohoa, ikagoma.
Nikaifumbata kalamu, nikaipulizia
pumzi yangu, moja, mbili, tatu,
ambazo hazijawekewa safu bado.